Kutoka dirisha la benki hadi bandarini: umtafute nani kwanza

Nilikaa dirishani benki miaka saba kabla sijahamia uwakala wa forodha hapa Dar. Nilianza vibaya: nilirusha CV kwenye magrupu matatu ya WhatsApp. Nikaambulia "Mungu akutangulie" kumi na kitu, na mmoja akaipeleka kwa meneja wangu. Usirushe. Chagua watu.

Chukua daftari, andika waliokuona ukiwa kazini. Siyo mashoga zako. Hao wanakupenda tu, hawajui kama unawahi kazini. Mimi nilipata kumi na mmoja. Walionifaa zaidi ni mawakala waliokuwa wakipanga foleni kwangu na kontroo namba zao kulipia ushuru. Walishajua mimi si mtu wa kusingizia mtandao. (Namba ya simu mwombe mwenyewe. Ukiichomoa kwenye mfumo wa benki, umejifukuzisha kazi.)

Kisha andika ujumbe, mtu mmoja mmoja, na usiombe kazi. Wangu ulikuwa huu: "Shikamoo mzee. Ni Rehema wa dirisha namba tatu. Natamani kuijua kazi yenu ya kutoa mizigo. Naomba nusu saa Jumamosi, chai juu yangu." Ukiomba kazi utajibiwa hakuna, na maongezi yameishia hapo. Ukiomba kufundishwa, mzee gani atakataa?

Mzee mmoja alikubali, tukakaa kwa mama ntilie karibu na bandari. Alikuja na faili, akanitandikia ankara na orodha ya mzigo. Huku katoni 480, kule 408. Nilipomwonyesha akacheka: "Hiyo ndiyo kazi yenyewe." Hapo nikauliza lililonileta: nikitaka kuajiriwa, nimepungukiwa nini? Akanitajia cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, kinachosomewa Chuo cha Kodi, na watu wawili wa kuwaona. Niwaambie yeye ndiye kanituma.

Wengi huharibu hapa: wakishasaidiwa, kimya. Mimi nilimrudia kila hatua, mistari miwili tu. Nimemwona fulani. Nimejiandikisha. Sikuomba kitu.

Baada ya kumaliza chuo akapiga mwenyewe. Karani wake kaingia likizo ya uzazi, nyaraka zimelala mezani, naweza kuanza lini? Nikaomba mwezi mmoja wa notisi. Meneja wangu, ambaye CV yangu alikuwa nayo siku nyingi, hata hakushtuka.