Ukienda kununua raifo, beba kikaratasi cheupe

Kwa wenye kibali cha polisi tayari na wanatafuta raifo yao ya kwanza ya bolti (ile unayovuta kipini cha chuma kwa mkono kuingiza kila risasi), iliyokwisha kutumika, chungulieni mtutu kabla ya kuongelea bei. Mwambie muuzaji achomoe bolti kabisa, hakikisheni wote wawili chemba (pale risasi inapokaa) iko tupu, ingiza na kidole usiamini macho tu. Alafu pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, weka kikaratasi kule kwenye chemba, kimulike na tochi ya simu, wewe chungulia kwa mbele. Karatasi inarudisha mwanga ndani, kwa hiyo ile mistari iliyochongwa kuzunguka ndani ya mtutu inatakiwa ionekane imekaa kali na inang'aa mpaka mwisho, ukiona vidoti vyeusi kama makovu ya ndui hiyo ni kutu imeshakula chuma na mafuta hayatairudisha, na huku Kigoma kwa unyevu wa ziwa bunduki iliyolala kabatini inakula kutu haraka sana. Kitambaa msiruke jamani, grisi inaficha vishimo. Ila hii inapima mtutu tu, bolti iliyolegea au kitako chenye ufa wa ndani huvioni hapo, fundi mwenye leseni aikague.