Tafiti za kimaelezo: gawa safu tatu kabla ya kuunganisha

Kwa wanaofanya usanisi wa tafiti za kimaelezo, yaani kuunganisha matokeo ya tafiti nyingi zinazotegemea maneno ya wahojiwa badala ya takwimu, iwe chuo cha Muhimbili au Mlimani: kabla ya kuanza kutia misimbo (kuvipa vipande vya maandishi lebo za maana), fungua Excel yenye safu tatu. Ya kwanza ni maneno ya mhojiwa kama yalivyo, pamoja na namba ya ukurasa. Ya pili ni tafsiri ya mwandishi wa makala. Ya tatu ni yako, na iache tupu mpaka makala zote ziishe. Tuseme mada ni wajawazito wa Mbagala kuchelewa kliniki. "Nauli ya bodaboda sina, namsubiri baba watoto arudi" inaingia safu ya kwanza. "Umaskini", neno la mwandishi, linakaa ya pili. Ukizitazama ubavu kwa ubavu unaona mama kataja pia nani anashika hela, na mwandishi kalipita hilo. Tafsiri mpya inatokea hapo. Bila hivyo unaishia kuorodhesha dhamira za wenzako, kazi ambayo msimamizi atairudisha tu. Nukuu ikijirudia kwenye makala mbili, kagua: huenda zimetoka kwenye data moja, basi zihesabu kama utafiti mmoja. Njia hii inagoma kwa makala fupi zisizo na nukuu, maana safu ya kwanza inabaki nyeupe. Tafuta tasnifu iliyozaa makala hiyo, mara nyingi nukuu ziko huko. Ukiikosa, makala hiyo iunge mkono hoja iliyokwishasimama kwa tafiti nyingine, isiibebe peke yake.