Kugawa Dau la Ngumi kwa Haki: Mwongozo kwa Promota na Bondia wa Kusini

Minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba na fedha kuingia kwa wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba, mapromota wa ngumi nao huamka. Mabango hubandikwa, gari la matangazo hupita mitaa ya Chikongola na Magomeni, na kabla wiki haijaisha ubishi huwa umekwisha kuzuka kuhusu nani alipwe zaidi kati ya mabondia wawili wa pambano kuu. Kwa kawaida hushinda mwenye meneja mwenye sauti kubwa. Hesabu yake, hata hivyo, inaweza kufanywa kwa kalamu na daftari, mradi pande zote zikubaliane mapema ni kitu gani kinachohesabiwa.

Anzeni na chungu chenyewe. Andikeni mapato yote yanayotarajiwa: viingilio vya mlangoni, viti vya mbele, fedha za wadhamini, na malipo ya haki za kurusha pambano kwenye televisheni au mtandaoni. Kisha orodhesheni gharama: ukumbi au uwanja, vibali, mwamuzi na majaji, daktari na gari la wagonjwa, ulinzi, malipo ya mabondia wa mapambano ya utangulizi, na usafirishaji wa ulingo, ambao ukikodiwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilometa 500 kuja Mtwara. Kila gharama iwekewe ukomo kwa tarakimu ndani ya mkataba. Bondia aliyeahidiwa asilimia 50 ya "kitakachobaki", bila ukomo huo, ameahidiwa hewa, kwa sababu jenereta iliyokodiwa kwa laki moja inaweza kugeuka ya laki nne usiku wa pambano.

Baada ya hapo pimeni mvuto wa kila bondia, na hapa ndipo watu wengi hupotea kwa kuchanganya mvuto na uwezo. Rekodi ya ushindi hueleza nani anajua kupigana. Haielezi nani anayemtoa mtu nyumbani akiwa na elfu tano mkononi. Karim Mandonga, "Mtu Kazi", hakuwa bondia aliyekamilika kiufundi kuliko wenzake, lakini maneno yake kabla ya pambano yaliwafanya hata wasiofuatilia ngumi watake kuona kitakachomkuta, na aliposhinda Nairobi dhidi ya Daniel Wanyonyi mwezi Januari 2023 habari hiyo ilizungumzwa hadi vijiweni kwa wauza pweza. Huo ni mvuto, nao una bei yake halali. Kipimo ninachokiamini ni kujiuliza swali moja: bondia huyu akiumia wiki mbili kabla na kuwekwa mwingine wa kiwango hicho hicho, ni tiketi ngapi zitarudishwa?

Swali hilo hupata jibu la tarakimu mkitengeneza tiketi za rangi tatu. Kambi ya bondia wa kwanza iuze za kijani, kambi ya pili ziwe za njano, na za mlangoni ziwe nyeupe, kwa sababu mnunuzi wake huenda amekuja kwa ajili ya pambano zima. Mkiuza kwa simu, tumieni namba tofauti za malipo kwa kila kambi. Mdhamini naye aulizwe kwa maandishi amekuja kwa sababu ya nani. Duka la vifaa vya ujenzi la Masasi linalodhamini kwa sababu kijana wa Masasi anapigana linapaswa kuhesabiwa upande wa kijana huyo.

Kwa mapambano yanayolipiwa ili kutazamwa, hesabu ya huku kwetu ina mtego. Kwa wenzetu wa Marekani, nyumba moja hununua pambano moja, na ndiyo maana idadi ya manunuzi huaminika kama kipimo. Lindi na Mtwara, nunuzi moja linaweza kuishia kwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video kwa kiingilio, chenye watu 150, kila mmoja akiwa amelipa mlangoni. Anayehesabu manunuzi peke yake atamdharau bondia anayejaza vibanda. Nashauri vibanda viuziwe kibali cha pekee kwa bei ya juu kuliko ya mtu binafsi, na kila kibali kiandikwe kimetoka wilaya gani: bondia wa Nachingwea akivuta vibanda vya Nachingwea na Ruangwa, jambo hilo lionekane kwenye daftari.

Sasa tugawe, kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme mapato yote ni Sh 12,000,000 na gharama zilizokubaliwa ni Sh 7,000,000, hivyo zinabaki Sh 5,000,000. Promota achukue Sh 1,000,000, na mabondia wabakiwe na Sh 4,000,000. Tiketi zilizouzwa ni 1,200: kijani 420, njano 180, nyeupe 600. Nusu ya watazamaji hawakuja kwa ajili ya bondia mmoja, kwa hiyo nusu ya fedha, yaani Sh 2,000,000, igawanywe sawa. Nusu ya pili ifuate rangi za tiketi, 420 kwa 180, yaani asilimia 70 kwa 30. Wa kwanza atapata Sh 2,400,000 na wa pili Sh 1,600,000, ambayo ni 60 kwa 40.

Uwiano huo si mgeni. Floyd Mayweather na Manny Pacquiao waligawana 60 kwa 40 mwaka 2015, katika pambano lililonunuliwa mara milioni 4.6 hivi. Tofauti kubwa zaidi hutokea pale bingwa anapokutana na mpinzani wa lazima, yaani yule aliyeamriwa na chama cha ngumi apigane naye: dau la Tyson Fury na Dillian Whyte mwaka 2022 lilikuwa dola 41,025,000, asilimia 10 ikatengwa kwa ajili ya mshindi, na kilichobaki kikagawanywa 80 kwa 20. Kwa upande mwingine, Muhammad Ali na Joe Frazier mwaka 1971 walilipwa sawa, dola milioni 2.5 kila mmoja. Wote wawili walikuwa hawajawahi kushindwa, na watu walinunua ule mkutano wao. Ali peke yake au Frazier peke yake asingeuza vile. Meneja anayekuja mezani akitaka 80 kwa 20 kwa pambano la uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, anapaswa kuonyesha tiketi zake za kijani kwanza.

Fedha inaweza pia kubadilishwa na masharti. Mwaka 1987 Sugar Ray Leonard alikubali Marvin Hagler achukue fungu kubwa zaidi, naye akapata raundi 12 badala ya 15 pamoja na ulingo mpana wa kukimbilia, kisha akashinda kwa pointi. Bondia wa Lindi anayepewa asilimia ndogo anaweza kudai pambano lifanyike uwanja wa nyumbani wa Ilulu, au uzito uwe ule anaoufikia bila kujikausha maji mwilini.

Kiwango cha chini cha malipo kiandikwe kwa tarakimu, kilipwe hata mvua ya Desemba ikifukuza watu, na nusu yake itolewe siku ya kusaini. Wote wawili hupokea ngumi, na ngumi haziangalii rangi ya tiketi. Bondia awe na haki ya kuona hesabu ya mapato. Marekani sheria ya mwaka 2000 iliyopewa jina la Muhammad Ali humlazimisha promota kumweleza bondia fedha anazopokea kutokana na pambano, na hapa kifungu kama hicho mnaweza kukiweka wenyewe katika mkataba wenu. Kila kambi iweke mtu mmoja mlangoni wa kuhesabu vishina vya tiketi, na hesabu isainiwe kabla ulingo haujafunguliwa kupakiwa kwenye lori. Kama kuna kifungu cha marudiano, kitaje kwamba mgawo utakokotolewa upya kwa tiketi za siku hiyo, kwa sababu aliyeshindwa kwa heshima mara nyingi hurudi akiwa na wafuasi wengi kuliko aliokuja nao mwanzo.