Kunakili pembetatu kwa bikari na rula tu

Una pembetatu ABC unataka nyingine inayolingana nayo kabisa, basi protrakta weka pembeni na namba za rula usiziangalie. Chora mstari, tia nukta P. Fungua bikari toka A mpaka B, ihamishe bila kuchezea miguu yake, simama P ukate mstari pale Q. Sasa pima AC, simama P upige tao refu tu, halafu pima BC, simama Q upige lingine, yanapokatana ndo R, unga R na P, kisha R na Q. Yatakatana juu na chini, chagua popote, pembetatu ya chini imepinduka tu. Ila skrubu ya bikari ikilegea katikati ya kazi umeumia, kaza kwanza, na penseli uichonge, ncha butu inakula milimita nzima.