Somo: Gumbo ya Louisiana, kuanzia ruu nyeusi hadi bamia isiyovuta

Gumbo ni mchuzi mzito wa kumwagia wali mweupe, chakula cha nyumbani cha Louisiana, kusini mwa Marekani. Jina lisikutishe. Kwa Kiswahili gumbo ni baa la njaa, kule ni sufuria la kulisha ukoo mzima; yamefanana sauti tu. Undugu uko kwenye bamia. Wengi wanaofuatilia asili ya neno hilo hulirudisha kwenye ki-ngombo, bamia kwa lugha ya Kibantu ya Angola, na hiyo ki- ni ileile ya kitunguu na kiazi.

Ukitaka kuielewa gumbo, tazama kinachoifanya iwe nzito. Bamia ilifika na Waafrika waliouzwa utumwani. Meli kubwa za kwanza za watumwa zilitia nanga Louisiana mwaka 1719. Filei, unga wa majani makavu ya mti wa sasafrasi, ni ya Wachoctaw, wenyeji wa pale. Ruu, yaani unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta, ni ya Wafaransa. Baadaye wakaja Waakadia waliofukuzwa na Waingereza kutoka Kanada kuanzia 1755, ambao leo tunawaita Wakajuni, na Wajerumani wenye ufundi wa soseji. Mwaka 1803 gumbo ilikuwa tayari inaandaliwa kwenye karamu ya gavana mjini New Orleans, na mwaka 2004 jimbo likaitangaza rasmi kuwa chakula chake.

Hapa tunapika ya kuku, soseji na bamia, ya watu 8.

MAHITAJI
Mapaja ya kuku yenye mfupa, kilo 1.2
Soseji ya kuvutwa moshi, gramu 400
Mafuta ya kula yasiyo na harufu, kikombe 1 (mililita 240), na kidogo ya kukaangia
Unga wa ngano, kikombe 1 (gramu 125 hivi)
Vitunguu maji vikubwa 2, hoho kubwa ya kijani 1, mabua 3 ya selari
Kitunguu saumu, punje 6
Bamia changa, gramu 300
Supu ya kuku vuguvugu, lita 2.5
Thaimu kavu kijiko 1 cha chai, pilipili manga kijiko 1 cha chai, pilipili ya unga nusu kijiko cha chai
Majani ya vitunguu, chumvi, limao

Asili ya soseji hiyo ni ya nguruwe, inaitwa andui. Ya ng'ombe au kuku inafaa vizuri, ilimradi iwe imevutwa moshi. Zile laini za kukaangia asubuhi zitasambaratika na kuacha sufuria lina vipande vya ngozi.

HATUA YA 1. Katakata kila kitu kabla hujawasha moto: vitunguu, hoho na selari vidogo vidogo, kila kimoja bakuli lake. Ruu ikishaanza haikupi nafasi ya kwenda kutafuta kisu.

HATUA YA 2. Paka kuku chumvi, mkaange kwa mafuta kidogo hadi ngozi iwe kahawia, mtoe. Kaanga soseji zilizokatwa vipande vya sentimita 1, zitoe. Ukoko ulioganda chini usiusugue. Mwagia upawa mmoja wa supu, ukwangue kwa mwiko, kisha urudishe kwenye chombo cha supu. Pangusa sufuria likauke kabisa.

HATUA YA 3. Osha bamia zikiwa nzima, zifute zikauke, ndipo ukate. Bamia iliyokatwa ikiwa na maji huanza kuvuta papo hapo. Kaanga kwenye kikaango kipana kwa vijiko 2 vya mafuta na kijiko 1 cha maji ya limao, dakika 12 hadi 15. Utaona nyuzi nyeupe zikifuata mwiko. Endelea mpaka zikatike na vipande vianze kuwa na madoa ya kahawia. Usitumie kikaango cha chuma kitupu, bamia itageuka nyeusi.

HATUA YA 4, ndiyo gumbo yenyewe. Sufuria liwe zito. Sufuria jembamba la alumini linaunguza katikati huku pembeni bado pabichi. Pasha mafuta kwa moto wa wastani, mwaga unga wote, koroga kwa mwiko wenye ncha bapa unaokwangua chini na kwenye kona. Usiache kukoroga.

Dakika 5 za mwanzo inafanana na uji na inanukia unga mbichi. Kwenye dakika ya 15 rangi ni ya mchanga mkavu na harufu ni ya bisi. Kati ya 25 na 30 ni rangi ya siagi ya karanga, na hapa wengi huogopa wakaishia. Usiishie. Punguza moto kidogo. Baada ya hapo rangi inabadilika haraka: shaba, kisha chokoleti, kwa kawaida kati ya dakika 35 na 45. Inakuwa nyepesi kidogo na harufu inaelekea kahawa iliyokaangwa. Hapo ndipo tunapopataka.

Ukiona vitone vyeusi vinaelea, au moshi wenye harufu kali inayowasha pua, imeungua. Mwaga, osha sufuria, anza upya. Hakuna kiungo kinachoficha ruu iliyoungua, na hasara ya kikombe cha unga ni ndogo kuliko ya kuku mzima.

Kadiri ruu inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyopoteza nguvu ya kuufanya mchuzi uwe mzito, kwa sababu moto unaivunja wanga ya unga. Ndiyo maana bamia inahitajika, na ndiyo maana hutegemei gumbo iwe nzito kama rojo la maharage. Tahadhari: ruu inapita nyuzi joto 180 na ikikurukia inanata kwenye ngozi. Watoto wakae mbali, na tone la maji lisiikaribie.

HATUA YA 5. Mara rangi inapofika, tumbukiza vitunguu vyote. Vitachemka kwa kelele na kuishusha ruu joto. Hiyo ndiyo breki yako. Koroga dakika 5, tia selari na hoho, dakika 5 nyingine, kisha kitunguu saumu dakika 1.

HATUA YA 6. Ongeza supu upawa mmoja mmoja, ukikoroga hadi kila mmoja umezwe. Baada ya upawa wa sita unaweza kumimina iliyobaki. Tia thaimu na pilipili zote mbili. Ikichemka punguza moto, iache ichemke taratibu saa 1. Mafuta yatapanda juu, yaengue.

HATUA YA 7. Rudisha kuku na soseji, dakika 45. Tia bamia zinapobaki dakika 30. Chumvi onja mwishoni, soseji imeshatoa yake. Kuku akilegea, mtoe mifupa, mrudishe. Nyunyiza majani ya vitunguu. Pakua wali kiasi cha ngumi katikati ya bakuli, mimina gumbo kuuzunguka. Baadhi ya Wakajuni huweka saladi ya viazi ndani ya bakuli lilelile, na wana haki yao.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, asante kwa somo. Filei umeitaja juu halafu kwenye hatua haipo. Inaingia wapi?
Jibu: Haiingii jikoni, dada. Inanyunyizwa mezani, robo kijiko cha chai kwa bakuli, moto ukiwa umezimwa. Ikichemshwa inatoa nyuzi. Hata jina lake kwa Kifaransa linatokana na kusokota nyuzi. Kwa desturi ilikuwa ya msimu ambao bamia hakuna. Mlioko Marekani mtaipata kwenye rafu za viungo. Huku nyumbani bamia inatosha.

Mkuu, yangu imeganda mabonge na mafuta yakajitenga juu. Nimekosea wapi?
Jibu: Hayo ni makosa mawili. Mabonge ni supu iliyomiminwa yote kwa mpigo. Chuja, saga mabonge na supu kidogo, rudisha. Mafuta kupanda ni kawaida, ila yakiwa mengi mno, ama kipimo cha unga kilikuwa pungufu, ama moto ulikuwa mkali baada ya supu kuingia. Yaengue tu, ladha haijaharibika.

Situmii mafuta mengi kwa sababu za kiafya. Kuna njia?
Jibu: Ipo ruu kavu. Tandaza unga mtupu kwenye trei, weka ovenini nyuzi joto 200, geuza kila dakika 15 hadi uwe rangi ya mdalasini, kama saa 1. Uchekeche, ukoroge kwenye supu baridi kabla ya kumimina sufuriani. Vitunguu kaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta. Unga wa mahindi usijaribu, unabaki chenga. Asiyekula ngano atumie unga wa mchele.

Selari huku kwetu ni ghali na haipatikani kila siku.
Jibu: Tumia mashina ya paseli yaliyokatwa vidogo, ongeza hoho nusu. Dania usiweke, itakupeleka kwenye mchuzi mwingine kabisa.

Shikamoo mwalimu. Nina kuku wa kienyeji, jogoo. Dakika 45 zitamtosha?
Jibu: Marahaba. Hazitamtosha. Mchemshe peke yake saa 2 au zaidi, na maji hayo ndiyo yawe supu yako ya hatua ya 6. Kisha nyama iliyochambuliwa iingie dakika 20 za mwisho. Kwa ladha, jogoo anamshinda wa kisasa mbali.

Nyanya mbona sioni? Nilikula gumbo Houston ilikuwa na nyanya.
Jibu: Upande wa New Orleans, kwa Wakreoli, yaani wazawa wa huko wenye asili mchanganyiko ya Ulaya na Afrika, nyanya zinaingia, hasa ya kamba na bamia. Wakajuni wa magharibi mwa jimbo hawazitaki kabisa. Ukitaka, tia nyanya 2 zilizomenywa pamoja na bamia kikaangoni, zinasaidia kukata utelezi kama limao.

Mie niko Mombasa, kamba tele. Naweza kuwatia badala ya kuku? Na tui je?
Jibu: Kamba wabichi gramu 600, watie dakika 5 za mwisho, wakizidi wanakuwa mpira. Maganda na vichwa chemsha nusu saa upate supu. Hata kamba wakavu wanafaa: Louisiana ilikuwa na majukwaa ya kuanikia kamba juu ya maji, yakiendeshwa na Wafilipino na Wachina tangu karne ya 19. Konzi moja ndani ya supu inatosha. Tui likiingia hiyo ni kamba wa nazi, tamu, lakini usiite gumbo.

Inakaa siku ngapi?
Jibu: Siku 3 kwenye friji, miezi 3 kwenye friza, wali ukiwa kando. Ipooze haraka kwa kuigawa vyombo vidogo. Ya kesho yake ni nzito zaidi, kwa hiyo unapoipasha ongeza nusu kikombe cha supu. Kama ni ya kamba, gandisha mchuzi mtupu, kamba wabichi watie siku ya kula.