Namna ya kumtambua mdhanifu: kikombe, jiwe na nyumba ya kupangisha

Mtu akikwambia "umaskini uko kichwani", usikimbilie kuitikia wala kukasirika. Amekupa falsafa nzima kwa maneno matatu, na pengine mwenyewe hajui. Mimi nafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita. Kila tukifika mada ya chimbuko la fasihi naandika ubaoni udhanifu (fikra ndiyo chanzo cha mambo) upande huu, uyakinifu (chanzo ni maada, yaani vitu na hali halisi) upande ule; wanafunzi wananakili, wanakariri, wanajibu mtihani, basi, imeisha hiyo. Ninachoeleza hapa ni namna ya kulitumia hilo neno hata baada ya mtihani.

Anza kwa kutenganisha watu wawili wanaoitwa kwa jina moja. Mdhanifu wa wanafalsafa anajibu swali la asili: ukichimba hadi chini kabisa, ulimwengu huu ni fikra au ni maada? Mdhanifu wa mtaani ni yule mwenye picha ya mambo yanavyopaswa kuwa, na hakubali kuipunguza hata mumcheke. Mtu anaweza kuwa mmoja bila kuwa wa pili. Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeupinga ubepari, aliupiga vita udhanifu wa kwanza, lakini aliishi kwa dhiki London akiitetea dunia ambayo ilikuwa haijazaliwa.

Huyo wa kwanza ni mgumu, kwa hiyo mwendee na kikombe. Chukua cha bati, kile kilichobanduka rangi mdomoni, ukitie chai. Kwenye karatasi andika kila unachokijua kukihusu: rangi, joto, uzito, umbo, mlio wake ukikigonga kwa kijiko. Sasa futa kila kilichokufikia kwa kuona, kugusa au kusikia. Kimebaki nini? Darasani hakosi wa kujibu, "Kimebaki kikombe chenyewe, mwalimu." Haya, nieleze hicho kikombe chenyewe, bila rangi, bila umbo, bila uzito. Hapo wanaanza kutazamana.

George Berkeley, mwanafalsafa mzaliwa wa Ireland, alifika hapo mwaka 1710 na hakurudi nyuma. Kwake, kwa kitu kisicho na akili, kuwapo ni kutambuliwa. Nje ya akili inayokitambua hakuna kikombe. Je, usiku darasa likifungwa, madawati yanatoweka? La, Mungu anayaona. Si ajabu baadaye akawa askofu.

Wengi hudhani anashindwa kwa teke moja. Samuel Johnson, mwandishi wa Kiingereza, alijaribu mwaka 1763 huko Harwich, Uingereza: alilipiga jiwe kwa nguvu mpaka mguu ukarudi, akasema hivyo ndivyo anavyomkanusha. Rafiki yake Boswell alikuwepo na akayaandika. Ila tazama teke lilimpa nini: ugumu, maumivu, mguu kurudi nyuma. Yote hayo yanaingia kwenye karatasi ile ile ya kikombe. Ukitaka kumshinda Berkeley, onyesha kitu kilichoko nje ya orodha. Kuirefusha orodha hakumsumbui.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1781, alitafuta njia ya kati: kitu chenyewe kipo, ila sisi tunakipokea kwa namna ya akili yetu, na mahali na wakati ni sehemu ya namna hiyo. Aliposikia anatiwa kapu moja na Berkeley hakufurahi, na katika toleo la 1787 akaongeza sehemu nzima ya kuukanusha udhanifu unaotilia shaka au kukana vitu vilivyo nje yetu. Hegel, Mjerumani mwingine aliyekuja baada ya Kant, nampita haraka, na nakushauri nawe umpite mpaka upate likizo ndefu.

Turudi kwa aliyesema umaskini uko kichwani. Muulize: kipi kinasukuma kipi? Yeye anasema fikra ndiyo inayosukuma hali. Basi lijaribu dai lake kwa kubadili upande mmoja tu. Muuza mchicha mmoja mpe semina ya kubadili mtazamo, bila mtaji wala sehemu ya kuuzia. Mwenzake mpe mtaji na meza sokoni, bila semina. Mimi dau langu naliweka kwa wa pili. Lakini mtaji wake ukiishia kwenye sare za harusi ya binamu, mdhanifu atakuwa na la kusema, na itabidi umsikilize.

Kwa sisi Watanzania mfano ulionona ni Nyerere, kwa sababu ndani yake wadhanifu wote wawili wanakutana. Mwaka 1962 aliandika kwamba ujamaa, kama demokrasia, ni mwelekeo wa moyo na akili. Wanazuoni wa mrengo wa Marx pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baadaye walimkaba kwenye hoja hiyo: moyo unatoka wapi, kama si kwenye namna watu wanavyozalisha mali? Azimio la Arusha la 1967, tamko la chama chake cha TANU kuhusu ujamaa, nalo linasema ujamaa ni imani. Lakini lisome mpaka kwenye masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha.

Hili la nyumba nalipenda kuliko yote. Imani ya kiongozi huioni, ila mpangaji wake unamwona asubuhi akifagia uwanja. Kwa hiyo ukiwa na njozi, iwe ya kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), ya msikiti, ya shule au ya ndoa, itafutie sharti ambalo jirani anaweza kulikagua bila kukuuliza. "Tuaminiane" ni neno zuri kwenye kikao cha kwanza cha kikoba. Andika pia kwamba sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu wasio ndugu. Asiyekubali sharti la namna hiyo kwa hoja kwamba linadhalilisha uaminifu, mwache aendelee kuota, ila asishike daftari.

Zoezi la mwisho. Mwaka 1991, huko Zanzibar, CCM, chama kilichorithi TANU, iliyalegeza masharti yale ya uongozi. Andika aya mbili. Katika ya kwanza eleza kama mdhanifu: imani ilipungua, ndipo nyumba za kupangisha zikaruhusiwa. Katika ya pili eleza kama myakinifu: mishahara ilikuwa haitoshi tena, viongozi walikuwa tayari wanatafuta riziki pembeni, na imani ikafuata tumbo. Kila aya iandike kana kwamba unaiamini. Mwanafunzi anayeniletea aya moja tu, hata iwe nzuri vipi, kwangu hapati zaidi ya nusu ya alama.