Somo: Kurekebisha mataruma (mbavu za boti) ili boti ya mbao ibebe injini ya ndani

Somo hili ni la mafundi na wenye boti wa Matema, Itungi na ufukwe wote wa Kyela wanaotaka kuachana na mashine ya kuning'iniza nyuma. Vipimo ni vya boti ya futi 28 na dizeli ya silinda mbili.

Anza na uzi, msumeno baadaye. Toboa tundu dogo kwenye fashini (mti wa nyuma ya boti) pale shafti itakapotokea, pitisha uzi wa nailoni, uukaze hadi mbele ya nafasi ya injini. Huo ndio mstari wa shafti. Mwinamo ukizidi digrii 15, oili hukimbilia nyuma ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inanyonya hewa na beringi zinakufa. Propela ya inchi 16 iachiwe inchi 2 kati ya ncha zake na mbao za chini.

Mihimili miwili ya kubebea injini iwe ya mninga mkavu, inchi 3 kwa 6, urefu mara mbili ya injini, ili uzito ugawanywe kwa mataruma matano au sita. Mninga wa Chunya unafaa sana. Paina ya Sao Hill ipo tele na bei yake nafuu, lakini ni laini: nati zinazama polepole na mstari wa shafti unapotea.

Chonga mhimili ukalie taruma; taruma usiliguse. Hapa ndipo boti nyingi zinapoharibiwa. Fundi anakata mataruma matatu sampu ipite, mbao za chini zinaanza kucheza, kalafati (pamba ya kuzibia maungio ya mbao) inatoka, maji yanaingia.

Sampu ikigoma kabisa, kata taruma moja moja, na kabla ya kukata funga taruma pacha ubavuni mwake: kimo kidogo lipite chini ya sampu, unene mara mbili, lizidi sehemu iliyokatwa kwa sm 40 kila upande. Bolti za mm 10 zipishane juu na chini; zikikaa mstari mmoja mbao inapasuka. Misumari hapa haifai. Acha tundu la kupitisha maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti.

Kaplingi (kiungo cha shafti na injini) ipimwe boti ikiwa imekaa majini siku tatu, maana mbao zikivimba umbo hubadilika. Ingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) juu, chini, kushoto na kulia. Kwa kaplingi ya mm 100, tofauti isizidi mm 0.1.

Swali: Fundi, glandi (kizuia maji pale shafti inapopita) inadondosha maji. Niikaze hadi ikauke?
Jibu: Hapana, kaka. Shafti ikizunguka, matone mawili matatu kwa dakika ndiyo yanayoipoza. Ukikaza mno, pakingi (kamba ya kuzibia iliyo ndani ya glandi) inaungua na kuila shafti. Iguse: vuguvugu sawa, moto legeza.

Swali: Yangu inatetemeka sana nikiongeza mwendo. Mihimili ni mibovu?
Jibu: Usibomoe kwanza. Fungua kaplingi, washa injini peke yake. Ikitulia, tatizo ni shafti, propela au mstari. Ikiendelea, kagua mipira inayokaliwa na injini na bolti za mihimili.

Swali: Mataruma yangu ni ya mkaratusi, yamepasuka kidogo. Yatabeba?
Jibu: Choma ncha ya kisu kwenye ufa. Ikizama bila nguvu, limeoza, badilisha lote. Ikigoma, weka pacha.